Gharama ya Karibu: Nasaha kwa Anayekusudia Kuvuka Nchi kwa Miguu

Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Katika karne ya 19 njia hiyo ilikanyagwa na misafara ya pembe na watumwa, na wapagazi wa Kinyamwezi waliipita na mizigo ya kilo 30 hivi mabegani: Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, mpaka ziwani. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mwenye haraka hana sababu ya kuichosha miguu yake. Hata hivyo wapo bado, vijana wetu na wageni wa nje, wanaotamani kuivuka nchi hatua kwa hatua. Akirudi, kila mmoja husimulia lile lile: watu asiowajua walimpa maji, wakamlisha, wakamlaza. Husimulia kwa mshangao, kana kwamba wema huo uliota wenyewe kama nyasi za kando ya njia. Haukuota. Kuna mtu aliugharimia, na nasaha zangu zote zinatoka hapo.

Katika njia hiyo, wasafiri wa zamani waliilaumu sana Ugogo, nchi ya Wagogo. Burton alipita mwaka 1857, Stanley akafuata mwaka 1871, na wote wawili walinung'unikia hongo waliyodaiwa na watemi, yaani ada ya kupita: nguo, shanga, na tena nguo. Waliiona kama unyang'anyi. Mimi nadhani watemi wale walikuwa na hoja. Ugogo ni nchi kame. Visima vilichimbwa na wenyeji na vilinywesha ng'ombe wao. Msafara wa mamia ya watu ukitua penye kisima kimoja, ukanywa, ukaoga, ukanunua nafaka yote ya jirani, kesho mwenyeji anakunywa nini? Hongo ilikuwa njia ya kumkumbusha mpitaji kwamba maji yana wenyewe. Leo hakuna anayekudai nguo wala shanga. Basi jikumbushe mwenyewe.

Jambo la kwanza ni msimu. Usiondoke Januari wala Februari. Licha ya matope na mito iliyojaa, hiyo ndiyo miezi ambayo ghala nyingi za bara zimebaki vumbi na mazao mapya bado yako shambani. Mwenye nyumba hatakuambia kwamba hana unga. Atakwenda kukopa kwa jirani, nawe utakula deni bila kujua. Toka Juni au Julai, watu wamevuna, na ukikaribishwa ugali unakuwa ni ugali kweli.

La pili ni saa. Wapagazi waliondoka alfajiri, na kabla ya jua la utosini walikwisha kutua. Hawakuwa wavivu. Nawe fika kijijini alasiri, watu wakuone ukitoka mbali, wakuulize, wapate muda wa kukuzoea kabla ya giza. Anayebisha hodi saa tatu usiku huwatia watu hofu, na mtu mwenye hofu usimlaumu kwa kutofungua mlango. Hodi yenyewe ina mwisho: piga mara tatu, ukiwa nje ya ua, kisha usipoitikiwa ondoka. Usichungulie.

Ukishaingia kijijini usijichagulie nyumba. Muulize mtu wa kwanza alipo mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, nenda kwake, toa kitambulisho kabla hujaombwa, andika jina lako katika kitabu cha wageni. Wapo wanaoona hili ni usumbufu wa kiserikali. Kumbe ni hifadhi ya mwenyeji wako kuliko yako, maana likitokea la kutokea usiku ule, yeye ndiye atakayeulizwa kwa nini alimlaza mtu asiyejulikana. Huenda ukapewa darasa la shule, au chumba cha parokia, au baraza ya msikiti. Shukuru. Na mwanamke anayesafiri peke yake atangulie kuamkia kina mama. Wakishamjua wao, kijiji kizima kimemjua.

Sasa tazama linalofuata. Mama mwenye nyumba amekutolea kigoda. Mmeamkiana, shikamoo na marahaba, umeulizwa habari za utokako. Kisha utamsikia akimwita binti yake kwa sauti ya chini, na binti atachukua dumu na kutoka. Kisima kiko korongoni: shimo lililofukuliwa kwenye mchanga, maji yanajikusanya humo polepole, yanachotwa kwa kata na kumiminwa kwa uangalifu yasichanganyike na tope. Dumu la lita 20 halijai upesi. Jua likizama utaambiwa maji ya kuoga tayari, nawe utakuta ndoo uani na kopo juu yake. Oga kwa makopo matatu au manne, anza uso umalizie miguu, mengine yabakishe. Usiulize kama yapo zaidi. Na asubuhi, kabla hujaagizwa, chukua dumu ufuatane na wanaokwenda kisimani. Ukiwa mwanamume watakucheka njia nzima. Wacha wacheke, maji yatafika.

Chakula nacho kina adabu yake. Usikatae unachopewa, hata kama mlenda hujawahi kuugusa. Ugali wa uwele na mlenda ndicho chakula cha watu wa Ugogo, wala hukuletewa kwa kukosa cha maana. Kula kiasi. Mara nyingi mgeni huandaliwa kabla ya watoto, na kitakachobaki katika sahani yako ndicho watakachogawana. Kuku akichinjwa kwa ajili yako, hiyo si zawadi ndogo: kwa nyumba nyingi kuku ni daftari na sare za shule.

Kuhusu malipo watu hukosea pande zote mbili. Mmoja hutoa noti mbele ya wote mara baada ya kula, na uso wa mwenyeji hubadilika, maana amegeuzwa mama lishe nyumbani kwake. Mwingine haachi kitu, akijisemea kwamba ameambiwa karibu. Njia iko katikati. Njoo na sukari, chumvi, sabuni ya kufulia. Mkabidhi mama mwenye nyumba mkononi, faraghani, na usiwape watoto pipi za njiani wakazoea kuwakimbilia wapitaji. Pukuchua mahindi na wenzako mnapozungumza. Simu yako usiichomeke kwenye sola ya mtu pasipo ruhusa. Taa ya watoto ya kusomea inatoka humo humo.

Mafundisho ya Mtume Muhammad (S.A.W.) yanamwekea mgeni ukarimu wa siku tatu, na yanamkataza kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake dhikini. Watu huikumbuka haraka sehemu ya kwanza. Mtembea kwa miguu hana haja hata ya hizo tatu: usiku mmoja, wa pili ukiwa na homa au malengelenge, kisha endelea.

Njia ukiiuliza, iulize vizuri. Ukisema, "Hii ndiyo njia ya Kilimatinde?" utajibiwa ndiyo, kwa kuwa umechoka na hakuna anayependa kukuvunja moyo. Sema, "Njia ya Kilimatinde ni ipi?" Wala usiulize kama ni mbali. "Hapo tu" ya mtu aliyezaliwa kule inaweza kuwa nusu siku yako. Uliza kama utafika kabla ya jua kuzama. Nawe mwenyeji, ukiulizwa, sema kweli hata kama inauma. Barabara ikiingia hifadhini, kama ile ya Morogoro kwenda Iringa inavyopita ndani ya Mikumi, panda gari. Simba hawajui kwamba umeweka nadhiri ya kutembea.

Wazee wetu hawakuuacha ukarimu uelee hewani. Waliufunga kwa utani. Mnyamwezi aliyeshuka pwani alikuta Wazaramo ni watani wake: watamtania mpaka achoke, lakini akifikwa na maradhi au kifo ugenini, watani watakuwapo. Wewe huenda huna mtani njiani, kwa hiyo heshima yako ndiyo itakayokutangulia. Usitoe siri za nyumba ya jana katika nyumba ya leo. Usipige picha ya mtu kabla hujamwomba, na usiahidi kumtumia kama hutatuma. Ukiandika habari za safari yako, usiutangaze umaskini wa waliokulisha ili wewe uonekane jasiri.

Na kabla hujaaga, chukua namba ya mwenyeji wako. Mtu aliyekulaza hulala na wasiwasi wako baada ya wewe kuondoka: kama ulipata maji, kama ulifika kabla ya giza. Ukifika, mpigie simu siku hiyo hiyo umwambie.