Kwao Mtu ni Wapi?

Mtu aanzapo kwenda kwa katekista na kuandikisha jina lake, mara nyingi huitwa jioni na mzee wa ukoo. Mzee huyo hana hasira. Humketisha karibu na moto, humwuliza habari za shamba na za wagonjwa, kisha hutoa neno lililomkaa moyoni: “Mwanangu, wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Baba yako hakubatizwa, wala babu yako. Wewe ukishika njia nyingine, siku ya kufa kwako utakwenda kwa nani?”

Mkatekumeni hurudi nyumbani bila jibu. Amekwisha kujifunza amri za Mungu na sala za asubuhi na za jioni; lakini neno la namna hiyo halijibiwi kwa sala iliyokaririwa. Usiku humjia tena. Wako walioacha mafundisho kwa ajili ya neno hilo tu, wala hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu waliowapenda baba zao.

Basi, neno la mzee lastahili heshima, maana ni la kweli. Mwacha asili ni mtumwa. Biblia Takatifu yenyewe haipingi neno hilo. Tena habari zake za kwanza zote zaelekea huko. Mzee na katekista huachana mahali pamoja tu: asili ya mtu yaanza wapi?

Kitabu cha Mwanzo chajibu swali hilo, na yafaa kujua ni watu gani waliolijibu. Mwaka 587 kabla ya Kristu jeshi la Babeli liliteketeza mji wa Yeruzalemu pamoja na hekalu lake, likawachukua watu wengi mateka mpaka nchi ya mbali, yenye mito miwili mikubwa, Frati na Tigri. Wataalamu wengi wa Biblia huona kwamba habari ya siku sita za kuumbwa ulimwengu iliandikwa na makuhani wa Wayahudi katika uhamisho ule, au baada yake kidogo. Kumbe walioiandika walikuwa watu wasiokaa kwao! Nyumba zao zilikuwa majivu, makaburi ya baba zao yalikuwa mbali. Kama kuna watu waliojua maana ya kukosa kwao, ni hao. Nao hawakuanza kwa kulilia Yeruzalemu. Walirudi nyuma zaidi, mpaka kabla ya Yeruzalemu, kabla ya Abrahamu, kabla ya kijiji chochote, wakamkuta Mungu peke yake, akisema neno, na mwanga ukawako.

Wababeli waliowazunguka walisujudia jua na mwezi. Wayahudi wakaandika kwamba Mungu aliweka taa mbili angani, kubwa ya mchana na ndogo ya usiku. Hata majina ya jua na mwezi hawakuyataja pale. Taa haisujudiwi. Taa huwashwa na mwenye nyumba, ili watu wa nyumbani waone.

Na kweli habari yote ya siku zile sita ni habari ya mtu atengenezaye nyumba. Kwanza mwanga, ili kazi ionekane. Kisha maji ya juu yatengwa na maji ya chini, kama vile mjenzi atengavyo mvua na watu kwa paa. Kisha nchi kavu, mahali pa kukanyaga. Kisha majani na miti yenye matunda, ndicho chakula ghalani. Halafu taa, halafu samaki na ndege na wanyama. Kila alipomaliza sehemu, mwenye kazi aliitazama akapendezwa nayo. Mwisho wa yote akaja mtu. Hakuna baba mwenye akili aletaye watoto mahali pasipo paa wala chakula. Mungu naye hakufanya hivyo. Ulimwengu huu si pori ambamo mtu ameanguka kwa bahati. Ni nyumba iliyotengenezwa kwa ajili yake kabla hajafika.

Tena Mungu alimwumba mtu kwa sura yake na kwa mfano wake. Neno hilo mkatekumeni hulisikia mara nyingi hata asilifikiri tena. Lakini akumbuke yatendekayo kijijini mtoto azaliwapo. Bibi humshika, humgeuza kwenye mwanga, hutazama paji la uso na masikio, kisha husema: huyu ni babu yake kabisa! Hapo hakuna tena shaka juu ya ukoo wa mtoto. Sura yake imetangaza kwao. Ndivyo ilivyo kwa kila mtu, mwanamume na mwanamke, mwenye mali na mwombaji, mwenyeji na mgeni, hata yule ambaye jirani wamemwita mchawi wakamfukuza. Sura aliyo nayo yatangaza alikotoka.

Sura ya pili ya Kitabu hicho yasimulia jambo lile lile kwa njia nyingine. Mungu alitwaa udongo, akaufinyanga kama mfinyanzi afinyangavyo chungu, akampulizia mtu puani pumzi ya uzima. Katika lugha ya Kiebrania jina Adamu linafanana na neno adama, maana yake udongo. Kwa hiyo mzee asemaye kwamba asili ya ukoo ni udongo huu walimolala baba zetu hasemi uongo. Asema nusu. Nusu ya pili ni pumzi, nayo haikutoka ardhini.

Mungu akamweka mtu katika bustani ya Edeni ailime na kuitunza. (Wengine hudhani kwamba jembe ni adhabu ya dhambi. Sivyo, kazi ilikuwako kabla ya dhambi, jasho na miiba ndivyo vilivyokuja baadaye.) Lakini uzuri mkubwa wa bustani ile haukuwa miti wala mito yake minne. Biblia yasimulia kwamba wakati wa upepo wa jua kupungua Mungu mwenyewe alikuwa akitembea humo. Kila mtu wa kijiji ajua saa hiyo: joto limekwisha, majembe yamewekwa, wanawake wametoka mtoni, na baba apita kati ya nyumba akisalimu watu wake. Hapo ndipo kwao mtu: pale ambapo Mungu apita jioni, na mtu haogopi kusikia nyayo zake.

Kisha dhambi. Habari ya nyoka na ya tunda wakatekumeni waijua vema. Jambo la kutazama ni lile lililofuata mara moja. Jioni ikafika kama siku zote, nyayo zikasikika, na kwa mara ya kwanza Adamu na Eva wakajificha kati ya miti. Bado walikuwa ndani ya bustani. Hakuna aliyewafukuza bado. Lakini kwao hapakuwa kwao tena, kwa sababu walimwogopa mwenye nyumba. Mungu ndiye aliyewatafuta, ndiye aliyeita na kumwuliza Adamu yu wapi, kana kwamba hakujua. Baba amwonaye mtoto amejificha nyuma ya ghala naye huuliza hivyo, ili mtoto atoke mwenyewe.

Walipotolewa, Mungu aliwafanyia mavazi ya ngozi akawavika. Majani ya mtini waliyoshona wenyewe yasingefaa kitu kwa safari. Hukumu ilikuwa kali, makerubi wakawekwa kuilinda njia ya mti wa uzima. Lakini aliyewahukumu ndiye aliyewavika nguo za njiani. Mtoto akiondoka nyumbani akiwa amevikwa na baba yake, si kwamba amesahauliwa.

Tangu siku ile mtu atamani kurudi. Kaini, mwana wa Adamu, baada ya kumwua ndugu yake alikwenda kukaa katika nchi ya Nodi, na jina hilo kwa Kiebrania lakaribia neno la kutangatanga. Huko akajenga mji. Atangatangaye hujenga sana. Kijana wa kijiji aendaye Kolwezi au Lubumbashi kutafuta kazi ya migodi aweza kupata mshahara, kitanda na nguo nzuri. Lakini akisikia sokoni mtu akisema lugha ya kwao, husimama. Humwuliza: mvua imenyesha? mama yu mzima? Hana haja ya kununua kitu pale. Moyo wake umesikia kwao. Vivyo hivyo mtu aliyeshiba, mwenye watoto wengi na mashamba mapana, huketi jioni na kuona upungufu asioweza kuutaja jina. Wengine huutafutia dawa katika pombe, wengine katika wake wengi, wengine kwa mganga. Lakini ni hamu ya kwao tu, nayo haiponywi kwa dawa.

Naam, mwacha asili ni mtumwa. Bwana Yezu mwenyewe alisimulia mfano wa kijana aliyedai urithi wake, akaenda nchi ya mbali, akamaliza yote, akawa mchunga nguruwe wa mtu mwingine, akatamani hata chakula cha nguruwe. Methali ya wahenga imo yote katika mfano huo. Lakini asili aliyoiacha kijana yule ilikuwa nini? Baba yake.

Katika nchi hizi za ziwa Tanganika utumwa si mfano tu. Mapadri Weupe walipopokea kituo cha Mpala mwaka 1885, misafara ya watumwa ilikuwa bado ikipita, na wengi kati ya wale wa kwanza waliofundishwa katika misioni za ziwa hilo walikuwa watoto na watu wazima waliokombolewa. Ng'ambo ya pili ya ziwa, huko Karema, alikaa mtu mmoja jina lake Adrien Atiman. Alizaliwa mbali sana, upande wa mto Niger, akanyakuliwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadri walimkomboa huko Algeria. Alibatizwa, akajifunza uganga katika kisiwa cha Malta, na mwaka 1889 akafika Karema. Alitibu wagonjwa na kufundisha dini hapo hapo mpaka kufa kwake mwaka 1956, miaka zaidi ya 60. Mtu kama huyo angeulizwa “kwenu ni wapi?”, angejibu nini? Kijiji alichozaliwa kilipotea kwake. Waliomteka hawakumwachia hata kaburi moja la baba zake. Lakini maisha yake hayakuwa maisha ya mtu asiye na kwao. Asili aliyonyang'anywa ilikuwa kubwa, lakini ilikuwako nyingine nyuma yake, isiyoweza kunyakuliwa na wauza watu.

Sasa swali la mzee: “Utakwenda kwa nani?” Ni swali zito, tena halifai kujibiwa kwa haraka. Wazee wakitaka kujua ukoo wa mtu huhesabu: fulani mwana wa fulani, mwana wa fulani. Mwinjili Luka alifanya vivyo hivyo. Aliyahesabu majina ya baba za Bwana Yezu kwa kurudi nyuma, zaidi ya majina 70, akapita kwa Daudi, akapita kwa Abrahamu, akapita kwa Noe, mpaka Adamu. Wala hakuishia hapo. Baada ya Adamu akaweka jina moja tena: Mungu. Mzee ahesabuye ukoo wake hukoma pale kumbukumbu ya watu inapokoma. Luka alimalizia hesabu hiyo, na mwisho wake ni ule ule kwa kila ukoo wa dunia.

Kwa hiyo mkatekumeni hawaachi baba zake ili aende kwa baba wa wageni. Amwendea Baba aliyewapulizia wao pia pumzi. Na hao waliokufa kabla ya kusikia Injili? Kanisa husadiki kwamba Bwana Yezu alipokufa alishuka mpaka kwa wafu, kuwapelekea ukombozi wale wenye haki waliotangulia. Tena Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulifundisha wazi: watu wasioijua Injili bila kosa lao, lakini wamtafutao Mungu kwa moyo mnyofu na kujitahidi, kwa msaada wa neema, kutenda mapenzi yake wajuavyo kwa dhamiri, wao pia waweza kuufikia wokovu wa milele. Babu aliyelisha yatima na kukataa hongo hakuwa akitembea gizani bila mtu wa kumwita. Hukumu yake iko kwa Mungu, amwonaye vizuri kuliko wajukuu wake. Mkatekumeni na amwombee.

Hata hivyo mkatekumeni asijidanganye. Si kila jambo la baba ni asili. Adamu naye ni baba, na alijificha. Ukali kwa mjane, kisasi, hofu ya wachawi inayoua wazee wasio na kosa: hayo yamerithiwa, lakini yametoka kwenye majani walikojificha Adamu na Eva, si kwenye mkono uliowafinyanga.

Mafundisho ni marefu. Kardinali Lavigerie, aliyewaanzisha Mapadri Weupe mwaka 1868, alitaka watu wazima wangoje miaka 4 kabla ya kubatizwa, na wengi walinung'unika. Lakini mwisho wake hufika, usiku wa Pasaka. Zamani ibada hiyo ilifanywa asubuhi ya Jumamosi Takatifu, kanisa likiwa karibu tupu. Tangu mwaka 1951 Papa Pio XII alianza kuirudisha usiku, wakati wake wa kwanza. Moto huwashwa nje, mshumaa huingizwa gizani, watu huketi, na somo la kwanza kabisa ni habari ya kuumbwa ulimwengu. Anayerudi kwao husimuliwa kwanza nyumba ilivyojengwa. Baadaye huitwa majina ya watakatifu, moja moja, na kijiji kizima huitikia, kama ukoo uitao watu wake waliotangulia. Kisha maji.

Mara nyingine mzee wa ukoo huja usiku huo. Haingii, hukaa karibu na mlango, juu ya kiti chake kidogo, mkongojo magotini. Husikia habari ya mwanga, na ya maji, na ya udongo. Kijana apitapo na nguo yake nyeupe, mzee humtazama sana usoni, kama bibi atazamavyo mtoto mchanga.