Mzee Aliyetoka Mjini Ndani ya Jeneza

Mkono usioweza kuukata, ubusu. Vijana hawaipendi methali hii, wanaiona ya watu walioshindwa. Mimi naiheshimu, na nikibanwa nieleze kwa nini, humtaja Yohanan ben Zakkai, mwalimu wa Torati aliyeishi Yerusalemu katika karne ya kwanza.

Wayahudi walikuwa wameasi utawala wa Roma tangu mwaka 66. Majeshi ya Vespasian, jemadari wa Roma, yalipoukaribia mji, waliokuwamo ndani walikwisha kugawanyika na walikuwa wakiuana wao kwa wao. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho na visa vya marabi, inasimulia kwamba matajiri watatu walikuwa na akiba ya nafaka, mafuta na kuni ya kuutosha mji miaka 21. Wapiganaji wakali wakaichoma, ili njaa iwalazimishe watu wote kutoka kupigana. Tumezoea kusema penye wazee haliharibiki neno. Yerusalemu wazee walikuwapo, nao walishauri amani. Neno liliharibika vilevile.

Kiongozi wa wapiganaji hao alikuwa mpwa wake Yohanan. Mzee akamwita kwa siri, akamuuliza watawaua watu kwa njaa mpaka lini. Kijana akajibu kwamba yeye mwenyewe akithubutu kusema neno, wenzake watamuua. Ndipo akampa mjomba wake njia: ajifanye mgonjwa, kisha ivumishwe kuwa amekufa, atolewe nje kama anayekwenda kuzikwa. Wanafunzi wawili, Eliezer na Yehoshua, wakalibeba jeneza. Langoni walinzi walitaka kulichoma mkuki ili wahakikishe. Mpwa akawazuia: Warumi watasema mmemchoma mwalimu wenu. Basi walau tulisukume. Watasema mmemsukuma mwalimu wenu. Lango likafunguliwa.

Mzee akafika mbele ya Vespasian, ambaye muda si mrefu aliletewa habari kuwa amefanywa kaisari, akapewa nafasi ya kuomba. Aliomba mambo matatu: mji mdogo wa Yavne pamoja na wanazuoni wake, usalama wa ukoo wa Gamalieli, na tabibu wa kumtibu Rabi Tzadok, aliyedhoofu kwa kufunga miaka mingi akiombea mji usiangamie. Hilo la tatu hunigusa kuliko yote. Mtu yuko mbele ya kaisari, nyumba ya Mungu wake iko hatarini, na bado anakumbuka kumwombea daktari mzee mwenzake.

Wanahistoria hawalichukui simulizi hili neno kwa neno, na wana haki. La hakika ni kwamba mwaka 70 jeshi la Tito, mwana wa Vespasian, liliteketeza Hekalu, na kwamba baada ya hapo wanazuoni walikusanyika Yavne, karibu na pwani ya Mediterania, wakaanza kazi.

Kwa nini mzee aombe mji wa wanazuoni? Kwa sababu Wayahudi walikuwa na kumbukumbu ndefu. Ufalme wa kaskazini wa Israeli uliangushwa na Waashuri mwaka 722 KK, na wengi waliohamishwa wakamezwa na mataifa. Watu wa Yuda, kusini, nao walipelekwa Babeli baada ya Nebukadreza kubomoa Hekalu la kwanza mwaka 586 KK, ila wao hawakumezwa. Huko ugenini hawakuwa na madhabahu. Walikuwa na maneno ya manabii na ya wazee wao, wakayashika. Koreshi wa Uajemi akawaruhusu kurudi, na Hekalu la pili likakamilika yapata mwaka 515 KK. Lakini kwa maoni yangu jambo kubwa la marejeo yale halikuwa jengo. Lilikuwa siku kuhani Ezra aliposimama juu ya jukwaa la mbao mbele ya Lango la Maji, akawasomea Torati wanaume kwa wanawake tangu asubuhi hadi adhuhuri, huku Walawi wakiwafafanulia. Makuhani waliendelea na sadaka zao, sawa, lakini tangu hapo kila mwenye masikio alidaiwa kuelewa.

Kwa hiyo Yavne haikuanza mikono mitupu. Sadaka za kuteketezwa hazikuwezekana tena; sala zikashika nafasi yake. Mengine yalitaka ujanja. Sikukuu ya Mwaka Mpya ikiangukia Sabato, baragumu ilipigwa Hekaluni, si mikoani. Yohanan akataka ipigwe Yavne. Wakubwa fulani wakasema tujadili kwanza. Akawaambia tupige, halafu tutajadili. Ikapigwa. Walipourudia mjadala wao, akawajibu kuwa baragumu imekwisha kusikika, na baada ya tendo hakuna mjadala. Kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya msikiti au ya kanisa atamwelewa.

Kwenye habari ya watoto hawakufanya mchezo. Yehoshua ben Gamla, kuhani mkuu wa miaka ya mwisho ya Hekalu, aliagiza kila mji uwekewe walimu, na watoto waanze wakiwa na miaka 6 au 7. Talmudi ikaongeza hesabu: watoto 25, mwalimu mmoja, wakifika 40, apewe msaidizi, wakiwa 50, walimu wawili. Ziko shule zetu nyingi leo ambazo zingeionea wivu hesabu hiyo.

Nawaamini zaidi kwa jinsi walivyoandika. Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilishwa na Rabi Yehuda yapata mwaka 200, huweka hukumu pamoja na rai ya aliyeshindwa, mara nyingi kwa jina lake, na inaeleza sababu: huenda baraza la baadaye likaihitaji. Shule ya Hillel ilishinda mara nyingi dhidi ya shule ya Shammai, na Talmudi inasema ni kwa kuwa walikuwa wapole, wakitaja hoja za wapinzani wao kabla ya zao. Vikao vyetu vya ukoo humalizika kwa “tumekubaliana”, na aliyepinga hatajwi tena mpaka yale aliyoyahofia yatokee.

Dini iliyofungwa ndani ya kitabu haihitaji ruhusa ya kusafiri. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza kisha akakosana nao, aliamua kwa kuisoma Biblia mwenyewe kuifuata Torati. Akatahiriwa, na karibu na Mbale ikazaliwa jamii ya Abayudaya. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao; wakaendelea kwa siri. Mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, alipewa daraja ya urabi.

Je, mzee wa jenezani alikuwa msaliti? Swali hilo waliliuliza Wayahudi wenyewe. Mmoja wa marabi wakubwa, wengine wakisema ni Akiva, alimlaumu kwamba angeomba Yerusalemu yenyewe isamehewe. Akajibiwa kwamba pengine alihofia kuomba kingi akakosa hata kidogo. Mwenyewe alilia alipokuwa akifa, akisema anaziona njia mbili na hajui atapitishwa ipi. Waasi wa mwisho walijifungia katika ngome ya Masada, na mwanahistoria Josephus aliandika kuwa watu 960 walikufa pale kwa mikono yao wenyewe. Ushujaa wao siudharau, lakini ningekuwa mjukuu, ningemchagua Yohanan awe babu yangu. Anayetaka kubishana nami akakisome kisa chenyewe katika Talmudi ya Babeli, kitabu cha Gittin, ukurasa wa 56. Lawama dhidi ya mzee atazikuta papo hapo.