Unga Mlangoni, Kazi Mkononi

Tarehe 6 Julai 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba nyumba za ibada zingefunguliwa tena. Masharti hayakuwa na utata: waumini wasizidi mia moja, ibada isipite saa moja, na wasihudhurie watoto wa chini ya miaka 13 wala watu waliopita umri wa miaka 58. Huku kwetu Kabiria, sharti hilo la mwisho liliwafungia nje watu waliochanga harambee hadi ploti ya kanisa ikapatikana, wakashika zamu ya kubeba mawe, wakapika chai ya mafundi. Wajukuu wao waliingia, wakapimwa joto, wakaketi kwa nafasi. Waanzilishi walibaki nyumbani wakisikiliza ibada kwa redio.

Sharti lenyewe silishutumu. Corona ilikuwa ikiua wazee kuliko vijana, na habari za nyumba za kutunzia wazee kule Italia na Uhispania zilikuwa zimemtia hofu kila mwenye mzazi. Ila ulinzi huo ulikuja na jambo ambalo hatukulitazama vizuri. Ndani ya miezi michache mzee aliacha kuwa mtu wa kuulizwa akawa mtu wa kupelekewa. Mtaa mzima ulipanga maisha yake bila kumpa nafasi ya kusema neno, na yote yakafanywa kwa upendo. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kulalamika.

Anayetaka kuelewa uzito wa jambo hili lazima aijue Kabiria. Mtaa huu uko Dagoretti, Nairobi. Dagoretti ilikuwa sehemu ya Kiambu kabla ya mipaka ya Nairobi kupanuliwa wakati wa uhuru, na mashamba mengi ya hapa ni ya familia, yenye hati. Hali hii ni tofauti na ya Kibera au Mathare. Mzee wa hapa anaweza kuwa na ploti yenye vyumba kumi vya mabati, futi kumi kwa kumi kila kimoja, na bado akalala njaa. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo pensheni yake. Wapangaji ni vijana wa mjengo, kina mama wa kufua nguo Lavington, watembezaji wa mitumba na makonda wa matatu. Kazi hizo ziliposimama, kodi nayo ilisimama, na mzee mwenye ploti akajikuta kwenye foleni ya msaada pamoja na mpangaji wake. Wapo waliosamehe kodi ya miezi kadhaa wala hawakutangaza. Wahenga walisema ukubwa ni jaa, na mwaka huo kila taka ilitupwa huko.

Hapa mtaani kuna kikundi cha kusaidia wazee ambacho mimi ni mtunza daftari wake. Hakina ofisi, kinaazima ukumbi wa kanisa. Kabla ya corona kazi yake ilikuwa rahisi kueleza. Mara moja kwa wiki mashosho na maguka, yaani bibi na babu zetu, walikutana, wakanywa chai, mhudumu wa afya ya jamii akawapima presha, wenye chama wakatoa mchango wa mzunguko, wenye vidole vyepesi wakasuka viondo, na ugomvi wa mipaka ya mashamba ukasuluhishwa pale pale kabla haujafika kwa chifu. Mgeni angeona wazee wamekaa tu. Kumbe hapo palikuwa na benki, kliniki, mahakama na baraza la habari.

Mnamo Machi 13, 2020 Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Mikutano ikapigwa marufuku, shule zikafungwa. Machi 27 kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ikaanza, na Aprili 6 Nairobi ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Mtoto aliyekuwa akimletea mamake mboga kutoka Limuru akakwama Limuru. Ukumbi wetu ukafungwa kwa kufuli, na benki, kliniki, mahakama na baraza vikafungwa humo humo.

Marekebisho ya kwanza ya kikundi yalikuwa yale ambayo kila shirika dogo duniani liliyafanya: chakula kikaanza kufuata mtu. Unga, maharagwe, mafuta ya kupikia na kipande cha sabuni viliwekwa mlangoni na kijana wa boda boda, akabisha hodi na kurudi nyuma hatua kadhaa. Mitungi yenye bomba ikawekwa kwenye malango ya ploti, ingawa maji ya kuijaza yalikuwa ya kununua, na mwenye shilingi ishirini ya mwisho hujiuliza kama ni ya kunawa au ya kupikia. Ushauri wa kumtenga mzee katika chumba chake ulichekesha. Chumba chake kipi, katika nyumba ya futi kumi kwa kumi yenye wajukuu watatu? Shule zilikuwa zimefungwa, na wengi wa wajukuu hao hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Aliyeambiwa akae mbali na watoto ndiye aliyekuwa akiwalea.

Marekebisho ya pili yalikuwa ya simu. Machi 16 Safaricom ilitangaza kuondoa ada ya kutuma pesa kwa M-Pesa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, na hatua hiyo ndogo ilibadilisha hesabu za vikundi kama chetu. Waumini waliozoea kutoa sadaka yao kanisani wakaanza kumtumia mzee mmoja mmoja mia mbili, mia tatu. Walioko ng'ambo walituma pia, hata nao walipopunguziwa saa za kazi. Lakini pesa za simu zina mwenyewe na zina msomaji. Shosho asiyeona maandishi madogo humpa mjukuu simu na namba ya siri pamoja, na si kila mjukuu ni mwaminifu. Kikundi kiliweka utaratibu: baada ya kutuma, mtu hupiga simu na kusema kiasi kwa sauti, ili mwenye pesa ajue kilichoingia. Baadhi ya nyumba zilipata amani kwa utaratibu huo, nyingine zikapata vita.

Upande wa serikali kulikuwa na Inua Jamii, mpango uliowapa waliosajiliwa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwezi Machi Rais aliahidi nyongeza ya shilingi bilioni 10 kwa wazee, mayatima na wengine wasiojiweza. Ahadi nzuri, ila ilimwacha kando mwenye miaka 64, aliyekuwa amezeeka vya kutosha kuondolewa vibaruani lakini bado mchanga kwa Inua Jamii. Nyumba za kuhudumia wazee wasio na familia, kama ile ya Masista Wadogo wa Maskini kule Kasarani na ile ya PCEA Thogoto, ng'ambo yetu kidogo upande wa Kikuyu, zina nidhamu na historia yake. Lakini wazee wa mtaani walimtegemea jirani, na jirani mwenyewe alikuwa ameachishwa kazi.

Katika zamu moja ya kugawa vyakula, shosho mmoja aliyekuwa mweka hazina wa chama kwa miaka mingi alipokea mfuko wake, akashukuru, kisha akauliza, "Na mimi leo nampa nani?" Kijana wa boda boda alidhani haelewi. Alielewa sana. Tangu ujanani hajawahi kuwa mtu wa kupokea tu. Alitoa katika matanga, alitoa katika harusi, alilipia karo watoto wasio wake, na kama hakuwa na pesa alitoa maziwa au mikono yake. Wakati huo hata matangani hakuruhusiwa, kwa kuwa mazishi yaliwekewa kikomo cha watu kumi na watano. Tulikuwa tumemjazia mfuko na kuifunga mikono yake.

Swali hilo lilibadilisha kazi ya kikundi kuliko tangazo lolote la serikali. Mweka hazina akarudishiwa hazina yake, kwa simu: yeye ndiye aliyejua nani ametumiwa na nani amerukwa, kwa kuwa anajua nyumba ipi ina mgonjwa inayemficha. Kila mzee mwenye simu akapewa wenzake wawili wa kuwapigia kila asubuhi kabla ya chai. Asiyeitika mara mbili, kijana alitumwa mlangoni. Mwalimu mstaafu akaweka kiti chini ya mparachichi na kuwasomesha watoto wa ploti yake hesabu, yeye upande huu na wao upande ule, barakoa usoni. Wenye kumbukumbu ya dawa wakawakumbusha wengine tarehe za kuchukua vidonge vya presha na sukari kituo cha afya cha Riruta, kwa sababu woga wa corona ulikuwa umewafanya wengi waache kwenda kliniki, na presha haikuwa imechukua likizo.

Matokeo yalionekana kwenye daftari. Majina ambayo vijana hatukuyajua yaliongezwa, na mengine yakafutwa na wazee wenyewe: "Huyo ana mwana wa kumtunza, mpeni yule wa nyuma ya kioski." Hakuna mtu wa ofisini angethubutu kusema hivyo. Pia zilianza kupatikana habari zilizokuwa zikifichwa, za mzee anayepigwa na mwanawe akishurutishwa auze kipande cha shamba. Habari kama hizo haziandikwi kwenye fomu. Husemwa kwa mtu wa umri wako, polepole, baada ya kuulizana hali ya magoti.

Wazo hili la kumpa mzee nafasi ya kuhudumu halikuzaliwa Kabiria, wala si geni Kenya. Shirika la wazee la HelpAge International lilipoanzishwa mwaka 1983, shirika la Kenya lilikuwa miongoni mwa matano yaliyoliasisi, pamoja na ya Kanada, Kolombia, India na Uingereza. Hapa Dagoretti shirika la KARIKA nalo limekuwa likishughulikia mambo ya wazee kwa miaka. Waliofanya kazi hii kwa muda mrefu wanajua jambo ambalo sisi wa mitaani tulifundishwa na janga: mzee ni mfanyakazi wa huduma hiyo hiyo anayohitaji.

Kuna watakaosema kwamba wakati wa njaa maneno kama haya ni anasa; mpe mtu ugali kwanza. Kweli, ugali kwanza. Hakuna aliyeshiba kwa kupigiwa simu. Lakini nimeona pia mfuko wa unga ukikaa siku kadhaa bila kufunguliwa kwa sababu mwenye nyumba hana hamu ya kupika kwa ajili ya nafsi yake pekee. Upweke nao hupunguza ulaji, huvuruga ratiba ya dawa, humlaza mtu kitandani mchana. Ukimpa kazi ya kumpigia mwenzake saa moja asubuhi, umempa sababu ya kuamka, na akishaamka atawasha jiko.

Chanjo za kwanza zilifika nchini Machi 2021, na mwisho wa mwezi huo wenye miaka 58 na zaidi wakaruhusiwa kuchanjwa mbele ya wengine. Kwa mara ya kwanza katika janga zima umri ulimpa mtu nafasi badala ya kumnyima. Waliowashawishi wazee wa Kabiria kwenda kuchanjwa, katikati ya uvumi wa kila namna, walikuwa wazee wenzao waliorudi wakiwa hai na kusimulia. Kafyu ikaondolewa Oktoba 20, 2021, siku ya Mashujaa. Ukumbi ukafunguliwa, chai ikarudi, mzunguko wa chama ukarudi.

Kilicholegea ni simu za asubuhi. Mikutano iliporejea, tuliona hazina haja, na wale wasioweza kutembea hadi ukumbini, ambao janga lilikuwa limewaunganisha nasi kwa mara ya kwanza, wakaanza kuachwa nyuma tena. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi, na idadi hiyo inapanda. Wengi wao hawataingia katika nyumba yoyote ya kutunza wazee. Watazeekea katika ploti kama za Kabiria, na kitakachowashika ni daftari la mtu fulani mtaani.

Kifungu cha 57 cha Katiba yetu ya 2010 kinaorodhesha haki za wazee, na mpangilio wake unafaa kusomwa taratibu. Ya kwanza ni kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Halafu kujiendeleza, halafu kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Matunzo na msaada kutoka kwa familia na serikali yametajwa mwisho. Mwaka 2020 tuliisoma orodha hiyo kuanzia chini, na wengi wetu tukachoka kabla ya kufika juu.

Basi ukija Kabiria na lori la vyakula, karibu sana, njaa bado ipo. Ila kabla ya kupakua, uliza nani ameandika majina, nani anashika ufunguo wa stoo, nani atakayeamua nyumba ya kwanza na ya mwisho. Ikiwa hakuna mwenye mvi katika nafasi hata moja kati ya hizo, msaada wako haujakamilika. Waite watatu wanaoujua mtaa, wape daftari na kalamu, kisha vijana wabebe magunia.