Matunda Yataoza Tu



Kuna neno fupi ambalo husikika sana katika nchi yetu ya Njombe tangu siku za Krismasi hata Kwaresima, wakati plamu, mapichi na mapeasi yanapoiva kwa kupokezana. Neno lenyewe ni hili: “Yataoza tu.” Mtu akisimama chini ya mti wa mwenzake, ndoo mkononi, hulitamka kama ombi. Wengine hulitamka kama hukumu iliyokwisha kukatwa. Leo twataka kulichunguza, kwa kuwa ndani yake mna swali zito kuliko linavyoonekana. Je, kitu kitakachoharibika mikononi mwa mwenyewe huwa mali ya yule awezaye kukitumia?

Tusidhaniwe kwamba twazipinga safari za Jumamosi. La hasha! Familia nyingi za Makambako hupanda gari asubuhi, baba, mama na watoto, zikaja kilomita sitini hivi hata Njombe na vijiji vyake, kuwasalimu wazee na kuchuma matunda. Jambo hilo ni jema sana. Makambako ni mji wa njia panda. Hapo barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia hukutana na ile ya kwenda Njombe na Songea, na hapo pia hupita reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa serikali mbili mwaka 1976. Mtoto aliyelelewa karibu na stendi hulijua peasi likiwa katika beseni, limeinuliwa kuelekea dirisha la basi, wala hajui lilikotoka. Akija huku juu huona mti wenyewe. Aweza kuelezwa kwamba peasi, pichi na plamu si miti ya asili ya Afrika Mashariki, na kwamba hupenda baridi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na umande wake wa Juni na Julai, ule unaoganda na kuunguza viazi, ndio unaoilaza miti hiyo usingizi ili baadaye ichanue vizuri. Sisi tuliofundisha walimu kwa miaka mingi twajua kwamba asubuhi moja ya namna hiyo hufundisha kuliko juma zima la chaki na ubao.

Basi watoto hupanda mitini, wakala mpaka maji ya matunda yakawafika viwikoni. Hakuna mzee wa huku anayewakemea. Tangu utoto wetu tulifundishwa kwamba mpita njia akila akashiba hakuiba. Shida huanza jioni, saa ya kuondoka, wakati ndoo na viroba vinaposhushwa kutoka garini.

Torati ililiona jambo hili mapema mno. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, mtu aingiaye katika shamba la mizabibu la jirani yake ameruhusiwa kula zabibu kadiri apendavyo, lakini amekatazwa kutia chomboni. Katika shamba la nafaka aweza kuyapukusa masuke kwa mkono wake, ila asilete mundu. Tazameni jinsi mpaka ulivyowekwa. Haukuwekwa kwa kipimo cha uzani, wala haukuulizwa utajiri wa mwenye shamba. Mpaka uko kati ya mkono na chombo. Kinachoingia kinywani ni ukarimu wa shamba, na mwisho wake ni tumbo la mtu, ambalo hujaa. Chombo nacho hakijui kushiba. Ukijaza kimoja waweza kuleta cha pili.

Mtu atajibu kwamba Torati hiyohiyo yaruhusu kuokota masazo. Ni kweli. Mambo ya Walawi 19 na Kumbukumbu la Torati 24 zote zamwagiza mwenye shamba asirudi kuyamaliza mavuno yake, bali awaachie wahitaji: Walawi yataja maskini na mgeni, na Kumbukumbu la Torati yataja mgeni, yatima na mjane. Ruthu alikula kwa sheria hiyo. Lakini tutazame ni nani amesimama wapi katika habari yetu. Wenye miti mingi ya mapeasi vijijini ni wazee ambao watoto wao wamekwenda mijini, na wengi wao ni akina bibi waliofiwa na waume zao. Wanaokuja na viroba ni watu wenye mshahara au duka, waliolipa nauli ya kuja na watakaolipa nauli ya kurudi. Sheria ilisema mwenye shamba amwachie mjane masazo. Sisi twayachukua masazo kwa mjane, tukijitetea kwa sheria iliyoandikwa kwa ajili yake.

Wako pia waliolitafakari jambo hili nje ya Maandiko. Mwaka 1689 mwanafalsafa wa Uingereza, John Locke, alitoa kitabu ambamo alieleza asili ya mali. Alisema kwamba katika vile alivyowapa Mungu watu wote kwa pamoja, mtu anaweza kutwaa kadiri awezavyo kutumia kabla havijaharibika. Kinachozidi hapo ni fungu la wengine. Hata akatoa mfano wa plamu: mtu aliyebadilisha plamu zake, ambazo zingeoza kwa juma moja, akapata kokwa za kula mwaka mzima, hakumdhulumu yeyote, maana hakuna kilichopotea mikononi mwake. Watu wa “yataoza tu” wangempenda sana Locke wakimsoma nusu ukurasa. Ila yeye alikuwa akinena juu ya pori la wote. Mpeasi ulio nyuma ya jiko la bibi una aliyeupanda na aliyeupalilia, na alama za panga lake la kupogolea bado zaonekana matawini.

Hapa yatubidi tuseme habari ya chupa, kwa kuwa ndiyo iliyoligeuza swali lote. Mfaransa aitwaye Nicolas Appert, mtengenezaji wa vitu vitamu, alijaribu kwa miaka mingi kuhifadhi vyakula kwa kuvitia katika chupa za kioo, kuziziba kwa nguvu na kuzichemsha majini. Mwaka 1810 alitoa kitabu cha njia yake, na serikali ya Ufaransa, iliyokuwa na majeshi na manowari za kulisha, ikamtunza faranga 12,000. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakujua kwa nini njia ile ilifaulu. Ilipita karibu nusu karne kabla Louis Pasteur hajaeleza habari ya vijidudu.

Njia hiyo ndiyo inayotumiwa hata sasa na akina mama wanaojua. Peasi lililokomaa humenywa, likakatwa vipande, likapashwa moto katika maji ya sukari, likatiwa katika chupa safi hadi karibu na mdomo, chupa ikafunikwa, kisha ikazamishwa katika sufuria kubwa la maji yanayochemka. Hapa wengi hukosea kwa kufuata maelezo ya watu wa nchi za chini. Maji huchemka kwa nyuzi 100 huko pwani, lakini kwetu Njombe huchemka yakiwa kwenye nyuzi 93 hivi, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Yanatokota kwa kelele ileile lakini nguvu yake ni pungufu. Kwa hiyo chupa ya lita moja ya mapeasi, ambayo ufukweni ingetosheka na dakika 25, huku kwetu yataka dakika 40. Makambako, iliyo chini kidogo, yapata dakika 35. Na hayo ni kwa matunda yenye uchachu tu. Mtu asijaribu maharage wala nyama kwa sufuria la kawaida, maana humo huweza kuzaliwa sumu isiyo na harufu, nayo huua.

Twaomba radhi kwa somo hili la sayansi kimu, lakini lina kazi yake. Hesabuni vitu vilivyotajwa: chupa, vifuniko vyenye mpira ambavyo vya aina ile hutumika mara moja tu, sukari, sufuria lenye kina, kuni za kuchemshia dakika 40 kwa kila mkupuo, na maarifa. Mwenye vitu hivyo, plamu zake hazitaoza. Zimekuwa zile kokwa za Locke. Asiye navyo atatazama matunda yakianguka. Basi tukimwambia bibi kwamba mapeasi yake yataoza tu, tumesema nini hasa? Hatukusema kwamba ana matunda mengi kupita haja yake, kwa maana hakuna nyumba isiyo na haja ya matunda mwezi wa Juni. Tumesema kwamba hana chupa, hana sukari, na pengine miguu yake haifiki tena msituni kutafuta kuni. Tumeutaja umaskini wake, kisha tukaufanya kuwa haki yetu ya kuchukua.

Tena si kweli kwamba kinachoanguka hupotea chote. Nguruwe hula, shamba la mahindi lililo chini ya miti hupata mbolea, na watoto wa majirani, wasio na gari, hupita asubuhi wakiokota kabla ya shule.

Kuna kipimo kingine kilichotokea machoni petu wenyewe. Tangu parachichi za aina ya Hass zianze kununuliwa kwa kilo na kusafirishwa ng'ambo, mkoa wetu umejaa miche yake. Sasa familia ileile ya Jumamosi huingia katika ua uleule, ikaupita mparachichi kwa adabu kama upitavyo altare, ikaenda kuutikisa mpeasi. Hatujasikia hata mara moja mtu akisema juu ya Hass, “yataoza tu, bibi,” ingawa parachichi huoza upesi sana likishaiva. Ikiwa heshima yetu kwa mali ya mzee imekuja pamoja na mizani ya mnunuzi, basi tulichokuwa tukikiheshimu ni mizani.

Tumezungumza na wenzetu juu ya mambo haya, nao wametupinga kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba mzee mwenyewe husema, “Chukueni, wanangu.” Sawa, lakini ni mzee gani wa Kibena atawaambia wageni waliotoka mbali, waliokwisha kusema kamwene mlangoni pake, kwamba waache? Ukarimu wake haumpi nafasi ya kukataa. Anayejua kwamba hawezi kukataliwa yampasa ajikatalie mwenyewe mahali fulani.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nasi hatuipuuzi. Wanasema tukianza kumlipa bibi kwa kila ndoo, tutamgeuza mchuuzi na wajukuu watakuwa wateja, nao undugu utakuwa umekwisha. Twakubali kwamba hatari hiyo ipo. Tumeona koo ambazo fedha iliingia kati na salamu ikatoka. Lakini kati ya kulipa na kuondoka bure kuna njia pana ambayo wazee wetu waliipita kila siku. Hawakwenda kwa mtu mkono mtupu, wala hawakuhesabu walichopeleka. Sabuni, chumvi, kilo mbili za sukari, mafuta ya taa zamani zile. Hakuna aliyeviita bei.

Ingetupendeza zaidi kama safari yenyewe ingebadilishwa kidogo. Badala ya kuyapeleka matunda kwenye chupa, chupa zije kwenye matunda. Familia ije Jumamosi na sukari, vifuniko na sufuria. Vijana wapasue kuni, watoto wachume, akina mama wamenye, na mapeasi yachemshwe uani pa bibi juu ya mafiga yake, yeye akiwa amekaa karibu na kuamuru moto. Jioni zigawanywe. Si lazima nusu kwa nusu. Mwenye gari na watoto sita atahitaji zaidi ya mtu mmoja aliye peke yake. Tajiri yule wa Luka 12 hakulaumiwa kwa kuwa na ghala, kwa maana Yusufu naye alikuwa nazo kule Misri, tena kubwa kuliko zake. Katika mashauri ya yule tajiri hamna jina la mtu mwingine hata mmoja. Amejisemesha nafsi yake peke yake.

Wako waliojaribu namna hiyo katika kijiji kimoja upande wa Uwemba. Chupa zilipokwisha kupoa wakamwuliza bibi mwenye miti apewe nini juu ya zile zilizobaki kwake. Akafikiri kidogo, akasema hataki kitu kingine. Alitaka tu waje tena wakati wa baridi, wamfungulie chupa moja, kwa kuwa vifuniko vile vilikuwa vigumu kwa vidole vyake, naye tangu aupande mti ule hajapata kulila peasi lake mwezi wa Juni.