Je, Tuipike Pasaka ya Wayahudi Nyumbani Kwetu?

Kila mwaka Pasaka ikikaribia, kuna swali linalozunguka katika ushirika wa nyumbani. Kina mama wanataka kuandaa ule mlo wa Wayahudi, mikate isiyotiwa chachu na mboga chungu, ili watoto waone kwa macho kile wanachosomewa katika Kutoka 12. Wengine wanasema ni vizuri kabisa, kwani si Bwana Yesu mwenyewe aliula? Wengine wanasema hapana, hayo ni mambo ya sheria, na Paulo alishawaambia Wakolosai wasihukumiwe kwa chakula wala sikukuu. Majibu yote mawili yanakuja haraka mno. Kama shida ingekuwa ni chakula kumtia mtu unajisi, Paulo alishaimaliza. Lakini swali hili lina mambo mengine ndani yake.

Hebu tuanze jikoni. Mkate wa Pasaka, ambao Wayahudi wanauita matza, ni unga na maji tu. Kwa wengi hauna chumvi wala mafuta. Tangu maji yaguse unga mpaka mkate uive, muda usizidi dakika 18, na wakati wote huo mikono haipumziki. Baada ya hapo, kama unga umeachwa tu, unahesabiwa umechachuka hata kama haujawahi kuona hamira. Sasa mama aliyezoea chapati anajua anachofanya: anakanda, anafunika na sahani, anaacha unga ulale nusu saa ndio ulainike. Kwa hesabu ya Wayahudi, chapati hiyo imeshachachuka. Kwa hiyo ile kusema “tutatumia chapati, ni kitu kimoja” si kweli. (Ingawa kwa macho inafanana kidogo. Wayahudi waliotoka Yemen mpaka leo wanaoka matza laini inayokunjika, si ile kavu ya kwenye boksi.)

Na kabla ya kuoka kuna kusafisha. Nyumba nzima inapekuliwa, kabati, mifuko ya makoti, chini ya viti, na usiku wa kuamkia mkesha wa sikukuu baba anazunguka na mshumaa akitafuta makombo ya mwisho. Asubuhi yanachomwa. Kuna hata ubishi juu ya mahindi. Wayahudi wa asili ya Ulaya ya Mashariki kwa miaka mingi hawakula mchele, maharagwe wala mahindi wakati wa Pasaka, na wale wa asili ya Hispania na nchi za Kiarabu wengi wao mchele wanaula bila wasiwasi. Mwaka wa 2015 kamati ya sheria ya marabi wa tapo la Conservative huko Marekani iliwaruhusu watu wake wote. Kwa hiyo ugali wetu ungekuwa halali nyumba hii na haramu nyumba ya jirani, na wote ni Wayahudi wa kweli.

Halafu meza yenyewe. Mboga chungu ni utumwa. Maji ya chumvi ni machozi. Kuna mchanganyiko mtamu unaitwa haroseti, wa matofaa, njugu na mdalasini kwa watu wa Ulaya, au wa tende kwa watu wa Iraki, na huo unafananishwa na udongo wa matofali waliyofinyanga kwa Farao. Mfupa wa mguu wa mwanakondoo umewekwa kwenye sahani na haulwi, kwa sababu tangu hekalu libomolewe mwaka wa 70 hakuna dhabihu tena. Hapa tuseme ukweli: mpangilio huu wa meza kwa sehemu kubwa ulikamilika baada ya hekalu kuanguka. Injili zinatutajia mkate, kikombe, na kuchovya pamoja kwenye bakuli. Anayewaambia watu “leo mnakula vile vile alivyokula Yesu” ameongeza ya kwake.

Vikombe ni vinne, na asiyekunywa divai anatumia juisi ya zabibu, hilo halina tatizo hata kwao. Lakini kuna jambo moja linafanyika na kikombe ambalo ningependa kila mhubiri alijue. Wakifika kwenye mapigo kumi ya Misri, kila mtu anatoa tone moja la divai kwa kila pigo, kwa kidole au kijiko, anaacha kwenye sahani. Katika nyumba nyingi watoto wanaelezwa hivi: kikombe chetu cha furaha hakiwezi kujaa, kwa sababu kuokolewa kwetu kulikuja na vifo vya watu wengine. Waliokufa walikuwa adui zao, watesi wao wa miaka mingi. Na bado furaha inapunguzwa matone kumi. Sisi tunaimba kwa nguvu sana juu ya Farao kuzama. Ni mara ngapi tumepunguza hata tone?

Utaona basi kwamba chakula hiki kinaongea. Ukila unasema jambo. Na kila kinachoweza kusema, kinaweza pia kusema uongo. Ukila mkate wa mateso katika nyumba ambayo msichana wa kazi anakula jikoni peke yake wengine wakishamaliza, umesema nini? Siku hizi kuna wanaotangaza hata “sadaka ya Pasaka” yenye baraka zilizopangwa kwa hesabu, toa kiasi hiki upokee kile. Mkate wa watumwa umegeuzwa bei. Mimi sioni namna ya kuutetea mchezo huo.

Mtu atasema: lakini hata Wayahudi wenyewe wa leo hawakuwa Misri. Kweli. Mtoto wa Kiyahudi aliyezaliwa New York hajawahi kubeba tofali la Farao. Na mafundisho yao yanalijibu hilo waziwazi: katika kila kizazi mtu anatakiwa kujiona kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetoka. Kwa hiyo wao pia wanajivika kumbukumbu ambayo si ya miili yao. Tofauti iko wapi? Naona iko hapa: wao wamerithi kumbukumbu hii pamoja na gharama yake. Na sehemu ya gharama hiyo, wapendwa, walitozwa na watu waliobeba jina la Kristo.

Kwa karne nyingi huko Ulaya kulikuwa na uvumi wa kishetani kwamba Wayahudi wanaua watoto wa Kikristo na kutumia damu yao katika mkate wa Pasaka. Unga na maji, dakika 18, na watu wakaaminishwa kuna damu. Mwaka wa 1903 mji wa Kishinev, ambao leo ni mji mkuu wa Moldova na wakati huo ulikuwa chini ya mfalme wa Urusi, gazeti moja lilieneza uvumi huo baada ya mvulana kuuawa katika mji mwingine. Ikaja kujulikana kwamba aliyemuua ni jamaa yake mwenyewe. Lakini ilipofika Jumapili ya Pasaka, Pasaka yetu ya kufufuka, umati ulitoka ukavamia nyumba za Wayahudi. Waliuawa watu 49, mamia wakajeruhiwa, nyumba na maduka yakaharibiwa. Wengi wa wale wavamizi walikuwa wamebatizwa.

Na hadithi hiyo haikuishia huko mbali. Mwaka huo huo Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alimpa Theodor Herzl pendekezo la ardhi Afrika Mashariki kwa ajili ya Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi. Watu waliuita mpango wa Uganda, lakini ardhi iliyozungumziwa ni Uasin Gishu, hii hii yetu ya Eldoret. Wajumbe walikuja kuikagua, na mwaka wa 1905 mkutano wa Wazayuni ukakataa. Wenyeji waliokuwa wakichunga ng'ombe huko hakuna aliyewauliza. Tunaposema mambo ya Wayahudi hayatuhusu, tukumbuke kwamba uvumi juu ya mkate wa Pasaka ulichangia kuleta wapima ardhi mpaka kwenye malisho ya Bonde la Ufa.

Kwa hiyo Mkristo anayeweka matza mezani kwake hawezi kuiweka kama pambo. Mbele ya watoto wake, ukweli huo ni sehemu ya mlo. Waambieni. Kama mama au baba anaona hilo litaharibu mandhari ya jioni, basi ninamshauri awapikie watoto pilau, na Bwana atamsikia vilevile.

Nina mfano mwingine ambao huwa unanisumbua. Pasaka ya 1944, katika kambi ya Bergen-Belsen, Wayahudi waliokuwa wakifa njaa hawakuwa na matza. Kilichokuwepo ni mkate uliochachuka, na kutokula ni kufa. Marabi waliokuwa wafungwa pale waliandika sala fupi ya kusema kabla ya kuula. Walimwambia Mungu kwamba wanajua amri, mapenzi yao ni kuitimiza, lakini pia ameamuru waishi, basi wako tayari kula ili waishi. Wale walikula chachu wakiwa wameishika Pasaka kuliko wengi wetu tungeishika na matza ya boksi kutoka supamaketi.

Jibu langu kwa ushirika ni nini sasa? Sisemi ni dhambi. Kama kuna Myahudi unayemfahamu, nenda kwake kama mgeni kabla ya kujifanya mwenyeji. Nairobi ina sinagogi yake pale University Way, na huko Mbale, Uganda, kuna Abayudaya ambao wameishika imani hiyo tangu 1919, hata Amin alipoipiga marufuku. Mgeni anakula na kuuliza, hafundishi.

Lakini kuna desturi yao moja ambayo naamini tunaweza kuichukua bila kumnyang'anya mtu kitu. Wiki kadhaa kabla ya Pasaka jamii inachanga pesa za ngano, ili asiwepo mtu atakayekosa mkate usiku ule. Sheria yao ya kale inataka hata maskini kabisa apate vikombe vyake vinne, hata kama ni kutoka kwenye mfuko wa msaada.

Na tuna kumbukumbu zetu pia. Wazee wetu wanakumbuka ukame wa 1984 na mahindi ya njano yaliyoletwa kwa meli. Tuliyala, tukashukuru, tukayachukia, na mvua iliponyesha tukayasahau makusudi. Sijaona nyumba inayosonga ugali wa njano mara moja kwa mwaka ili mtoto aulize kwa nini leo ni tofauti. Wayahudi waliuchukua mkate wao wa aibu wakauweka katikati ya meza. Mwaka huu badala ya kutafuta mfupa wa mwanakondoo, kina mama wa ushirika wangeweza kuwaalika bibi wawili watatu waliopitia mwaka ule, wakaketi jikoni na watoto. Unga wa njano bado unapatikana kwa wenye posho mill, mtu akiulizia mapema.