Kiti Kitupu na Haki ya Kuketi: Ukumbusho wa Sinagogi Kuu la Leipzig

Katika uhakiki wa sanaa ya ukumbusho, aghalabu huulizwa iwapo kazi inafanana na kile kilichopotea. Swali hilo ni jepesi. Lililo zito ni la mpita njia: ana haki gani mbele ya pengo ambalo huenda wazee wake walishiriki kulichimba?

Mjini Leipzig, Ujerumani, ipo kazi inayomtaka mtu alijibu swali hilo kwa mwili wake. Sinagogi Kuu la mji huo, lililojengwa mwaka 1855, lilichomwa na Wanazi usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba 1938, kisha magofu yake yakabomolewa. Baadaye, kwa miaka mingi, watu waliegesha magari hapo. Mwaka 2001 viliwekwa kwenye kiwanja hicho viti 140 vya shaba nyeusi, safu kwa safu, kazi ya wasanifu Anna Dilengite na Sebastian Helm. Hakuna paa, wala mlango wa kupigia hodi.

Mnamo mwaka 1933 Wayahudi wa Leipzig walizidi 11,000. Idadi ya viti, basi, si hesabu bali ni taashira. Hata hivyo, kiti si mnara. Mnara hutazamwa; kiti, kwa umbile lake, hukaribisha.

Yamkini mhakiki atashikilia kwamba kuketi hapo ni kufuru, kwa kuwa aliyefukuzwa hakumwachia mtu nafasi yake. Hoja hii ina uzito, hasa kiti kinapogeuzwa pa kulia mkate wa mchana. Lakini viti hivyo vikizungushiwa kamba vitakuwa makaburi, na jengo lile halikuwa kaburi. Watu walikuja humo kusali, kusikiliza, kuamkiana, na bila shaka wengine kusinzia. Heshima isiyo na nafasi ya usingizi huo hukumbuka maafa na kuwasahau watu.

Lawama inayoistahili kazi hii ni nyingine: uzuri wake. Mji uliokwisha kujenga ukumbusho mzuri huweza kujiona umelipa deni. Egesho la magari, pamoja na ubaya wake wote, halikujifanya limekumbuka. Dhidi ya lawama hiyo viti vina utetezi mmoja tu, nao hauonekani kwa anayesimama kando. Anayeketi hana rabi mbele yake wala kitabu. Ana mgongo wa kiti kingine kitupu, na shaba iliyo chini yake ni baridi.