Elimu ya Binti: Sadaka au Deni?

Twawajua wazazi wampelekao binti shuleni kama watoao sadaka. Akisoma, ashukuru, fedha zikipungua, yeye ndiye wa kwanza kurudishwa nyumbani, wala hapana aonaye kwamba amedhulumiwa, kwa kuwa sadaka haidaiwi. Je, wasomaji wetu, fikra hiyo ni ya haki?

Yafaa tumtazame mwalimu mmoja wa Nigeria, Bibi Funmilayo Ransome-Kuti wa mji wa Abeokuta. Alizaliwa mwaka 1900, akasoma kwao na Uingereza, akawa mwalimu. Mwaka 1932 alianzisha chama cha mabibi waliosoma, wakishughulika na kazi za mikono na adabu njema. Mambo hayo hayakumchukiza mtu. Kisha, katika miaka ya 1940, wanawake wa sokoni wakaja kujifunza kusoma.

Hapo mwalimu aligeuka mwanafunzi. Wanawake hao walimweleza jinsi mchele wao ulivyonyang'anywa wakati wa vita, na jinsi walivyotozwa kodi yao wenyewe, mbali na ya waume zao, ingawa barazani hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Angaliweza kuwajibu kwamba yeye ni mwalimu wa herufi tu. (Nasi twakiri kwamba wengi wetu tungalijibu hivyo.) Hakujibu hivyo. Mwaka 1946 chama kilikuwa Umoja wa Wanawake wa Abeokuta, wenye kuwapokea wasomi na wasiosoma. Na mwaka 1947 maelfu yao walikesha mbele ya jumba la Alake, mtawala wao, wakiimba na kuikataa kodi. Mwaka 1948 kodi hiyo ilisimamishwa. Januari 1949 Alake mwenyewe aliacha kiti cha utawala.

Wako watakaosema: tazameni, kusoma kumeleta fujo. La hasha! Dhuluma ilikuwapo kabla ya ubao na chaki. Wanawake wale hawakuja kuomba kitu cha bure. Walikuwa wamekwisha kulipa, miaka na miaka, pasipo kuulizwa neno.

Na nyumbani mwetu je? Binti achotaye maji alfajiri, auzaye maandazi ili nduguye wa kiume apate daftari, naye amekwisha kulipa. Baba amwambiapo angoje mwaka ujao, kwa kuwa fedha hazikutosha, na amweleze pia fedha ya maandazi ilikwenda wapi.